MREJESHO: Ile harusi, M au Av?

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliuliza kama nipige picha za harusi ya binamu yangu kwa M (unapanga kila kitu mwenyewe) au Av (unachagua uwazi wa lenzi, kamera inachagua spidi), maana niliambiwa mpiga picha wa kweli hagusi kingine zaidi ya M. Asanteni sana wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa nje Av, ndani M. Nje ya kanisa jua lilikuwa linaingia na kutoka mawinguni. Niliweka uwazi wa lenzi f/4, kamera ikajitafutia spidi yenyewe, picha zikatoka safi. Shela lilipojaa kwenye fremu lilitoka la kijivu. Nikaongeza mwangaza wa picha kwa +1 (kufidia kipimo cha kamera) kama mlivyosema, likarudi jeupe na lesi ikaonekana uzi kwa uzi. Hili limenifaa kuliko yote.

Nilipokosea: tulipoingia ukumbini nilisahau kuhamia M. Av ikashusha spidi hadi 1/20 ya sekunde, picha kama kumi na tano za maharusi wakicheza na bibi yetu zimetikisika, hazitengenezeki. Inaniuma sana. Nilipohamia M (1/160, f/2.8, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 3200) zikatulia, kwa kuwa taa za ukumbi zilikuwa hazibadiliki.

Anayebaki na Av atumie ISO ya kujiendesha na apange spidi ambayo kamera isishuke chini yake. Yangu nimeiweka 1/200.