Ushauri wakuu: dole gumba 👍 kwenye meseji ya kazi lihesabike "nimekubali"?

Mleta uzi: Wakuu, salaam. Timu yetu kila mtu anafanyia kazi kwake, na kwenye grupu emoji ni nyingi kuliko maneno. Nataka 👍 lihesabike kuwa mtu amekubali. Nianzie wapi? Bosi anataka jibu kesho.

Kitasa: Zipe kila moja kazi yake. 👀 nimeona, naishughulikia. ✅ imekwisha. Kukubali, mtu aandike neno. Maana hizo zibandikwe juu ya chaneli. Kwenye Slack (programu ya kuchati kazini), tafuta has::eyes: utaona zote zenye macho, mkizoea kuyatoa kazi ikiisha, zinazobaki ndizo viporo.

DadaMkubwa: Mimi naona adabu kwanza. Mtu anatoa taarifa ya msiba, wenzake wanamgongea dole gumba! Andikeni pole.

Nahodha77: Mleta uzi, kuna kitu unaficha. Nani aliweka dole, kwenye meseji gani?

Mleta uzi: Mwenzetu, kwenye tarehe ya kukabidhi kazi. Ilikuwa 20, kesho yake nikaihariri ikawa 17. Sasa anasema hakukubali, wakati dole lake lipo pale pale! Mteja nimeshamwambia 17.

Kitasa: Lazima libaki. Ukihariri meseji, emoji zilizowekwa haziondoki, kwa hiyo dole lake limekaa juu ya maneno ambayo hakuyasoma. Tarehe ikibadilika, andika meseji mpya, mtaje kwa @, usubiri jibu.

MzeeWaHoja: Chai hii. WhatsApp mwisho wa kuhariri ni dakika 15. Kesho yake uliwezaje?

Mleta uzi: Nani kasema WhatsApp, mkuu? Tuko Slack. Halafu Kanada mahakama imeshakubali dole gumba kuwa saini.

Nahodha77: Jimbo la Saskatchewan, 2023. Mkulima alitumiwa picha ya mkataba wa tani 87 za mbegu za kitani, akajibu 👍, mzigo hakuleta. Akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Ila jaji alitazama mazoea yao: mikataba ya nyuma alijibu kwa neno moja au mawili tu na mzigo ukafika. Tena mkataba ule haukuguswa baada ya dole. Wako umeguswa, kesi hiyo haikusaidii.

Mleta uzi: Basi niifute niandike upya?

Kitasa: Usifute, utaonekana unaficha. Jibu chini yake, taja 20 na 17, mtaje na yeye. Akikataa, mpigie mteja leo hii.