Kijana mwenye ulemavu wa akili anataka kuteuliwa kwenye Baraza la jimbo (Marekani): viti vinahesabiwaje, na aandaliwe vipi?

mratibu_lv
Habari za kazi ndugu zangu. Nawahitaji wanaoijua kazi hii kwa undani. Kuna kijana wa miaka 24, familia imetoka Kivu Kusini, sasa wako Kentucky. Ana ulemavu wa akili na huongea polepole, lakini akieleza jambo linalomhusu linaeleweka. Anataka kuingia Baraza la jimbo la ulemavu wa ukuaji (ule unaoanza utotoni au ujanani), lile ambalo wajumbe wake wanateuliwa na gavana.

Ninayotaka kujua: kiti cha mwenye ulemavu kinatofautianaje na cha mzazi? Nani hasa anapeleka jina? Mama yake ndiye mlezi wake wa kisheria kwa amri ya mahakama, je, hilo linamzuia? Kiswahili chake kiko mbele ya Kiingereza, itakuwaje vikaoni? Na mama anaogopa kwamba posho ya vikao itakata SSI ya mtoto, ile fedha ya kila mwezi ya shirikisho kwa wenye ulemavu wenye pato dogo.

Akidi
Dada mratibu, nakupa yale ya shirikisho, ambayo ni yaleyale kuanzia Maine hadi Guam. Masharti ya ziada ya Kentucky waulize wafanyakazi wa baraza lenyewe.

Kwanza niwaondoe shaka wanaolifananisha na lile Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu la Kenya. Hili halisajili mtu, halitoi kadi wala huduma. Kazi yake ni kupanga mpango wa miaka 5 na kugawa fedha za shirikisho kwa miradi inayobadilisha sera. Yapo 56, ukihesabu majimbo yote, Washington DC na maeneo kama Puerto Rico.

Hesabu ya viti iko kwenye sheria namba 106-402 ya mwaka 2000, kifungu cha 125. Angalau asilimia 60 ya wajumbe wawe watu wenye ulemavu wa ukuaji au watu wa familia zao. Hiyo 60 inagawanywa mara tatu: theluthi ni wenye ulemavu wenyewe, theluthi ni wazazi, ndugu wa karibu au walezi, na theluthi ya mwisho ni mchanganyiko wa hao wawili. Chukua baraza la watu 25. Asilimia 60 ni 15, kwa hiyo 5 wenye ulemavu, 5 familia, 5 mchanganyiko. Wanaobaki 10 ni wakuu wa idara za jimbo (elimu, Medicaid yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye pato dogo, wazee, kazi na kadhalika), kituo cha chuo kikuu kinachoshughulikia ulemavu, shirika la kutetea haki, na mashirika ya binafsi.

Sasa tazama mtego. Sheria haisemi ile theluthi ya mchanganyiko igawanywe vipi; tuseme imejazwa wazazi watupu. Wanaojisemea wenyewe wanabaki 5 kati ya 25, yaani asilimia 20. Ikijazwa wao, wanafika 10, asilimia 40. Kwa hiyo ukipiga simu usiulize tu "kuna nafasi?" Uliza: kiti kilicho wazi kiko theluthi ipi, na ile ya mchanganyiko sasa hivi ina nani na nani.

Uliza pia ni nani ambao muda wao umeisha. Sheria inaruhusu mjumbe aendelee kukaa mpaka mrithi wake ateuliwe, ndiyo maana orodha kwenye tovuti huonekana imejaa wakati nusu ya watu wanasubiri kupumzishwa. Na nafasi ikikaa wazi muda mrefu, baraza lina wajibu wa kumjulisha gavana. Ukiuliza kwa barua kama wamefanya hivyo, utashangaa faili linavyoamka.

Jina hupelekwa na mtu yeyote. Fomu huwa kwenye ofisi ya gavana inayoshughulikia bodi na tume. Lakini sheria inamtaka gavana aombe mapendekezo ya mashirika ya watu wenye ulemavu wa ukuaji, na baraza lenyewe linaweza kuratibu mapendekezo hayo. Fomu iliyopita mlango wa gavana peke yake, baraza halina habari, huzama. Pitisha milango yote miwili wiki hiyohiyo. Kisha subira, kwani uteuzi huenda miezi.

Na msisahau: wajumbe wawakilishe pande zote za jimbo na mchanganyiko wa watu wake kwa rangi na asili. Familia za Kikongo zimejaa Kentucky. Liseme wazi kwenye barua.

mama_wawili
Mimi naona mnajisumbua. Mama aombe yeye hicho kiti. Anamjua mtoto kuliko mtu yeyote, Kiingereza anacho, na ni mlezi wa kisheria. Kijana awe anahudhuria naye.

Akidi
Shikamoo mama. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, niruhusu nilifungue.

Kijana ana miaka 24, si mtoto tena kisheria. Kiti cha mzazi kwa maneno ya sheria ni cha mzazi au mlezi wa *mtoto* mwenye ulemavu wa ukuaji. Kwa mtu mzima, ndugu wa karibu au mlezi anaingia pale tu ambapo mtu huyo ana ulemavu unaogusa akili na *hawezi kujitetea mwenyewe*. Kwa hiyo mama akijaza fomu ya upande wa familia, ametia saini kwamba mwanawe hawezi kujisemea. Miezi sita baadaye kijana akileta fomu yake, karatasi ya mama iko kwenye faili inamkana. Chagueni mmoja, na kwa maelezo ya dada mratibu, mwenye sifa ni kijana.

Kuwa na mlezi wa kisheria hakumtoi. Sheria ya shirikisho inasema "mtu mwenye ulemavu wa ukuaji" basi, haijaongeza sharti la kutokuwa na mlezi. Soma hata hivyo amri ya mahakama: kama mlezi ndiye anayeridhia safari na kusaini mikataba, atasaini fomu za hoteli na nauli. Kupiga kura ni kwa kijana. Mama akikaa nyuma yake na kumnyanyua mkono, hicho si kiti cha mwenye ulemavu tena.

Mambo mawili ya kuhakikisha kabla ya fomu. Ulemavu uwe ulianza kabla ya miaka 22 na uwe unambana kwa kiasi kikubwa katika angalau maeneo 3 kati ya 7: kujihudumia, lugha, kujifunza, kutembea, kujiamulia, kuishi kwa kujitegemea, na kujitegemea kiuchumi. Aliyeumia kichwa kwa ajali akiwa na miaka 30 ana ulemavu, ila haingii hapa. Waliokulia kambini mara nyingi hawana karatasi za utotoni, basi tafuteni ule mpango wa shule wanaouita IEP au barua ya kukubaliwa huduma za Medicaid. Pili, kama ameajiriwa na idara ya jimbo inayopokea fedha za sheria hii au kutoa huduma chini yake, hata kazi ya usafi, hahesabiwi kwenye ile asilimia 60.

mkalimani_wa_zamu
Nachangia upande wa lugha tu. Mkalimani na msaidizi wa mjumbe ni kazi mbili, watu wawili. Mkalimani anageuza kilichosemwa, hafafanui wala harahisishi. Msaidizi ndiye anayesema "simama, turudie, wanaulizia ile habari ya basi". Ukimpa mtu mmoja zote mbili, ataanza kufupisha, na anayefupisha ndiye anayeamua mjumbe asikie nini.

Ombeni kwa maandishi, na mseme Kiswahili cha wapi. Kijana wa Uvira akiletewa mkalimani wa Kiswahili cha vitabu atakuwa anakisia. Mkalimani apate makabrasha siku ileile mjumbe anapopata.

Halafu kaeni kwanza mkubaliane maneno. Haya mawili yanaharibu vikao kila mara. Neno la Kiingereza "waiver" kwa habari za Medicaid, wakalimani wengi hutoa "msamaha". Mjumbe anaelewa kuna deni limefutwa. Maana yake ni kibali ambacho jimbo linapewa na serikali ya shirikisho ili lilipie huduma za nyumbani badala ya kumweka mtu kwenye taasisi. Semeni "kibali cha huduma za nyumbani", lirudiwe hivyohivyo kila mara. La pili ni "advocate". Ukisema "wakili", familia inatafuta mwanasheria. Tumieni "mtetezi", na kwa hawa wanaojisemea, "mjitetezi".

mzee_wa_posho
Hofu ya mama ina msingi, ila hesabu yake inajulikana.

Sheria inaruhusu fedha za baraza zirudishe gharama za mjumbe, pamoja na kulea watoto na msaidizi binafsi, na pia zilipe posho mjumbe asiye na ajira au anayepoteza mshahara kwa kuja kikaoni. Hivi ni vitu viwili. Nauli uliyorudishiwa si pato. Posho ni pato. Ziandikwe kwenye malipo tofauti, kila moja na karatasi yake. Zikichanganywa kwenye hundi moja ya dola 260 bila maelezo, SSI wataisoma yote kama pato.

Posho nayo inahesabiwaje? Chukua dola 100 kwa mwezi, hana pato jingine. Ikihesabiwa kama pato la kazi, wanaondoa 20, wanaondoa 65, inabaki 15, wanachukua nusu: SSI inapungua dola 7.50. Ikihesabiwa kama pato lisilo la kazi, wanaondoa 20 tu, na SSI inapungua dola 80. Tofauti yote iko kwenye namna malipo yalivyoelezwa. Ombeni baraza barua inayosema posho ni malipo ya nini, mpeleke ofisi ya Hifadhi ya Jamii *kabla* ya kikao cha kwanza. Baada ya hapo toeni taarifa kila mwezi wenye malipo, isipite tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Na akiba yake isivuke dola 2,000. Ikikaribia, fungueni akaunti ya ABLE, ile ya akiba maalumu kwa wenye ulemavu.

Jambo dogo linaloumiza kuliko posho: hoteli. Baraza husema "lipa, tutakurudishia". Mtu wa SSI hana kadi ya mkopo, na mapokezi wanadai kadi ya dhamana hata kama chumba kimelipwa. Baraza lilipe hoteli moja kwa moja na liandike kwamba dhamana haitadaiwa. Usafiri vilevile: gari la walemavu la mji hulazimika kufika robo tatu ya maili tu kutoka njia ya basi, na huagizwa siku moja kabla. Halitampeleka mji mwingine.

karani_wa_vikao
Wengi wanateuliwa vizuri kisha wananyamaza miaka mitatu, na lawama anabebeshwa mjumbe. Kinachomnyamazisha ni makabrasha. Kurasa 90 zinatumwa usiku wa kuamkia kikao, vifupisho juu ya vifupisho, kura inapigwa kwa sekunde tano.

Ombeni haya kama marekebisho anayostahili chini ya ADA, sheria ya Marekani ya haki za wenye ulemavu, kwa barua, siku ile ya kuteuliwa: makabrasha siku 10 kabla, ukurasa mmoja kwa kila jambo la kupigiwa kura, herufi za ukubwa wa 14 au zaidi, kikao cha matayarisho cha saa moja na msaidizi siku mbili tatu kabla, mapumziko kila baada ya dakika 50 hivi.

Ukurasa wenyewe uweje? Ajenda ikisema "Hoja ya kuidhinisha marekebisho ya Lengo la 2, shabaha 2.3, dola 40,000", mwache mwandishi wa ajenda nayo. Kijana apewe hii:

*Tunaulizwa: tutoe dola 40,000 kuwafundisha vijana kupanda basi kwenda kazini? Ukisema ndiyo: mafunzo yataanza Julai katika wilaya mbili. Ukisema hapana: fedha zitabaki kwa mradi mwingine. Nani atapokea fedha: shirika fulani. Swali unaloweza kuuliza: kwa nini wilaya hizo mbili?*

Mstari wa nani atapokea fedha usikosekane. Mjumbe yeyote haruhusiwi kupigia kura jambo litakalomnufaisha kifedha moja kwa moja, na kama shirika hilo ndilo linamwajiri, anatakiwa ajue mapema, asiaibishwe mezani.

Kadi za rangi zinasaidia: nyekundu simama sijaelewa, njano nenda polepole, kijani naafiki. Sharti wapewe wajumbe *wote*. Zikiwa mbele ya wenye ulemavu peke yao zinakuwa alama ya kuwatenga. Cha kuchekesha, wakuu wa idara ndio huinua nyekundu zaidi wakishazizoea.

mratibu_lv
Asanteni sana. Mama ameikunja fomu yake. Swali la mwisho: fomu inadai wasifu wa kazi, na kijana hajawahi kuajiriwa. Niandike nini?

Akidi
Usiubandike wasifu wa kuazima. Ukurasa mmoja, maneno yake, wewe ni mwandishi tu: anaishi wilaya gani, anatumia huduma zipi, mambo mawili anayotaka jimbo libadilishe, amewahi kushika jukumu gani (kwaya, timu ya mpira, kikundi cha wajitetezi, vyote vinahesabika). Chini kabisa: "nitahitaji mkalimani wa Kiswahili cha Kongo na msaidizi wa kikao". Wengine huficha mahitaji wakidhani yatamwangusha. Yakifichwa, kikao cha kwanza kinafika hakuna aliyetengewa bajeti.

Akiitwa kwenye usaili na kamati ya uanachama, ombeni maswali kwa maandishi siku chache kabla. Na mama asubiri nje.