Ijumaa hadi Jumapili Mji Mkongwe: watu wawili waone nini, waache nini?

Mwenge_Mpya:
Wakuu, habari za kazi. Mimi na mke wangu tunatoka Dar kwa boti ya saa moja asubuhi siku ya Ijumaa, tunarudi Jumapili jioni. Tutalala Mji Mkongwe siku zote mbili. Nungwi na Paje tumeamua ziwe safari nyingine. Orodha yetu mpaka sasa: Ngome Kongwe, Beit el Ajaib, kanisa na soko la watumwa, Darajani, Hamamni, nyumba ya Freddie Mercury, kobe wa kisiwa cha Changuu, fungu la Nakupenda, mashamba ya viungo, magofu ya Maruhubi, Forodhani usiku. Mwenzangu anasema haya si mapumziko, ni mbio za mwenge. Mnaoujua mji: kipi kikatwe, kipi kiwekwe saa ngapi, na watu huharibu wapi? Bajeti ya kati. Goti lake moja halipendi ngazi.

Baraza_Kiponda:
Karibuni Unguja, na shemeji ana haki. Mambo kumi na moja kwa siku mbili na nusu maana yake mtaingia kila mlango na kutoka bila kukaa popote, na huu ni mji wa kukaa. Pangeni hivi: kitu kimoja kizito asubuhi, kimoja chepesi jioni, katikati mko kivulini. Kuanzia saa sita mpaka saa tisa kuta za mawe na chokaa zinarudisha joto usoni, na ugomvi mwingi wa wanandoa safarini huzaliwa saa hizo.

Ijumaa. Boti itafika bandari ya Malindi kama saa tatu. Chumba hakitakuwa tayari mpaka mchana, kwa hiyo acheni mizigo mapokezi mwende Darajani moja kwa moja. Jengo la soko ni la 1904, na upande wa samaki una maana asubuhi tu, wakati mnada uko hai. Mkienda alasiri mtakuta meza zimeshaoshwa. Msichelewe pale, kwani Ijumaa kuanzia saa sita hivi maduka mengi yanafungwa kwa swala, na hufunguliwa kama saa nane. Wageni wengi hupanga ununuzi wao wakati huohuo, kisha wanalalamika mji umelala. Nyinyi laleni pia.

Saa kumi tokeni bila orodha. Piteni Hurumzi, Gizenga, mpaka Sokomuhogo, mtazame milango. Chagueni mmoja tu msimame mbele yake dakika tano. Fremu ina mnyororo uliochongwa kushuka pande zote mbili, chini mara nyingi kuna samaki au mawimbi, juu kuna maua na pengine aya au jina la mwenye nyumba na mwaka. Katikati upo mfaa, ule mti uliosimama unaofunika pale mbao mbili zinapokutana. Uguseni, mara nyingi ndio umechongwa kwa kina kuliko vyote. Fremu iliyonyooka juu kama kisanduku ni ya mtindo wa Kiarabu, yenye upinde ina mkono wa Kihindi, na njumu kubwa za shaba nazo asili yake Uhindini. Mkishaujua mlango mmoja, mia iliyobaki itajisoma yenyewe mkiwa mnatembea tu.

Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya kitu kizito: Mkunazini, kwenye kanisa na soko la watumwa. Fikeni saa tatu kabla ya makundi yanayoshuka kwenye mabasi kutoka hoteli za pwani. Kanisa msiliweke Jumapili, kwani kuna ibada. Ujenzi wa kanisa, chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, ulianza 1873, mwaka uleule Sultani Barghash aliposaini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Ndani tafuteni alama ya duara sakafuni mbele ya madhabahu. Inasemekana hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watu viboko. Msalaba mdogo wa mbao umetokana na mti wa Chitambo, Zambia, ambao moyo wa mmisionari Livingstone ulizikwa chini yake. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, kazi ya Msweden Clara Sörnäs ya 1998. Tengeni saa moja na nusu nzima, na baada ya hapo msiende popote pa kulipia. Watu hutoka pale na kukimbilia kobe dakika ishirini baadaye, na hawapati kimoja wala kingine.

Beit el Ajaib itazameni kutoka bustani ya Forodhani. Ilijengwa 1883, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa yake iliporomoka, kwa hiyo msipange kuingia. Ngome Kongwe iko jirani yake, haina kiingilio, nusu saa inatosha. Kateni Hamamni, Maruhubi na viungo. Freddie Mercury ni kwa anayependa nyimbo zake. Kama hampendi, mlango wa nje unatosha.

Nahodha_Mstaafu:
Nagusia bahari tu, maana Changuu na Nakupenda hazipangwi kwa saa ya ukutani. Zinapangwa kwa maji.

Nakupenda ni fungu la mchanga. Maji yakijaa linazama. Angalieni mwezi kabla ya kulipa. Mwezi ukiandama au ukipevuka ndiyo bamvua, yaani maji hujaa na kupwa sana, na kwa Unguja siku za bamvua maji hukauka kabisa kama saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo bahati yenu: mnatoka saa mbili na nusu, mnakuta mchanga mpana, saa sita mko mjini. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Kupwa kunaangukia alasiri na fungu ni dogo. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Anayewauzia safari ya Nakupenda bila kutaja maji anauza mafuta ya mashine, si safari.

Kwa Jumapili yenu: mwezi ukiwa bamvua nendeni Nakupenda. Ukiwa nusu, nendeni Changuu, kwani kobe hawategemei maji. Asili yao ni Aldabra. Wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli 1919. Usishike gamba kwa nyuma wala kumpandia. Kobe hupenda kusuguliwa shingo, akiridhika huinyoosha. Safari ni nusu saa kwa mashua ya mashine. Msichanganye vyote viwili na mapishi ya mchana mchangani ikiwa mna boti ya kurudi Dar siku hiyohiyo.

Kabla ya kupanda mashua semeni mambo manne mbele ya nahodha mwenyewe: bei ni ya chombo au ya kichwa, kiingilio cha kisiwa kimo au hakimo, saa ya kurudi, na maboya ya kuvaa yapo mangapi. Lipeni nusu, nusu mkirudi. Miezi ya kusi, kama Juni hadi Agosti, upepo huamka mchana, ndiyo maana asubuhi ni lazima. Hata boti kubwa ya Dar inayumba miezi hiyo: kaeni ghorofa ya chini, katikati kuelekea nyuma, si mbele kwenye kioo. Kidonge cha kichefuchefu mezeni saa moja kabla ya kuondoka. Mkisubiri mpaka mlango wa bandari upotee machoni, mmechelewa.

Mama_Urojo:
Chakula hamkukigusa, nami siwezi kunyamaza.

Forodhani usiku nendeni, lakini kwa macho. Fikeni saa kumi na mbili kasoro mwone vijana wakichupa kutoka ukutani jua linapozama. Wachuuzi huwasha taa baada ya magharibi. Mishikaki ya kamba na pweza iliyopangwa vizuri chini ya taa inaweza kuwa ya jana, imepashwa tena. Viungo vinaficha harufu. Kuleni kinachotengenezwa mbele yenu: juisi ya miwa inayosagwa na ndimu na tangawizi, na pizza ya Zanzibar. Hiyo donge la unga linavutwa jembamba mpaka uone meza, anaweka nyama ya kusaga, kitunguu, yai na jibini, anakunja pande nne, anageuza kwenye chuma chenye mafuta. Mwambieni apunguze mayonezi na aache yai liive. Ulizeni bei kabla ya kugusa sahani, kwa kila kitu, kisha hesabuni wenyewe.

Urojo si chakula cha Forodhani. Kuleni alasiri, saa kumi hivi, kwa muuzaji wa mtaani mwenye foleni ya watu wa mtaa. Rojo la unga wa ngano lenye manjano, uchachu wake wa embe mbichi au ndimu, ndani viazi, kachori, bajia, mishikaki, juu chatine ya nazi na chipsi za muhogo. Chipsi ziliwe mwanzo, zikilowa zimekwisha. Pilipili ombeni pembeni.

Na dada avae nguo ya kufunika mabega na magoti, achukue kanga moja mkobani. Kushikana mikono hakuna anayewatazama. Mabusu yabaki chumbani.

Mwenge_Mpya:
Asanteni sana, nimeshapiga mstari vitu vitano. Mama_Urojo, mke wangu amenakili kila neno. Maswali mawili: tuchukue mtembezaji au tutembee wenyewe? Na chumba, kwa goti lile, tuulize nini?

Baraza_Kiponda:
Mtembezaji mchukueni Mkunazini tu, pale panahitaji maelezo. Akiwa na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, mwambieni mapema: hakuna duka, saa moja na nusu, bei hii. Asiyekubali sharti la kwanza anaishi kwa kamisheni ya wenye maduka. Akiwashusha kwenye vile vyumba viwili vya chini vya watumwa, mjue wapo wanahistoria wanaosema vilijengwa baadaye na wamisionari kama stoo. Mtembezaji mzuri atawaambia mwenyewe. Masikitiko ya mahali hayapungui kwa hilo. Soko lilikuwa hapo, hilo halina ubishi.

Vichochoroni tembeeni wenyewe. Ramani ya simu hupotea kati ya kuta ndefu, kwa hiyo kumbukeni umbo: bahari pande mbili, barabara ya Darajani upande wa tatu. Shikeni njia moja bila kupinda sana, na ndani ya robo saa mtatokea kwenye kimojawapo.

Nahodha_Mstaafu:
Chumba: nyumba za zamani hazina lifti na ngazi zake ni za mwinuko mkali, nyingine vidaraja virefu kuliko goti. Ombeni ghorofa ya kwanza. Ya chini kabisa huwa na unyevu na kelele za mtaani, na ile ya darini yenye mandhari ina mizunguko minne au mitano ya ngazi ya kupanda kila mkisahau chaja. Ulizeni hivi kwa ujumbe, mpate jibu la maandishi: ni vidaraja vingapi mpaka kitandani, jenereta inawasha kiyoyozi au taa tu, na gari inashusha wapi. Gari haiingii vichochoroni. Mahali pa kushukia ni kama Forodhani, Shangani, Mkunazini au Darajani, na kutoka hapo mizigo inabebwa. Msikiti uko karibu popote mtakapolala, adhana ya alfajiri ni kama saa kumi na moja. Mkiamka nayo, shukeni pwani ya Malindi, madau ya wavuvi ndiyo yanaingia.