Naomba ushauri: rili za Ayalandi zinanishinda kwenye filimbi

Ndugu wanajamvi, naishi Galway, Ayalandi, na huu ni mwezi wa nane tangu nianze kujifunza muziki wa ngoma za asili za huku kwa filimbi ya bati yenye matundu 6. Jigi, aina mojawapo ya ngoma hizo, yenye mapigo 6 yanayokwenda matatu matatu, naimudu, na kwa kweli inanigusa moyo. Rili, aina nyingine ya kasi inayokwenda manne manne, ndiyo inayonishinda, kwani kila ninapoongeza kasi, kidole cha pete cha mkono wa kulia huchelewa kuziba tundu la mwisho, nami nikatoa nota ya E badala ya D. Wapigaji wakongwe hapa hushika nyimbo kwa sikio. Je, niache kabisa kusoma nota, au niendelee nazo polepole hadi vidole vizoee?