Oveni au presha kwa chakula cha sufuria moja?

MamaPacha: Hamjambo wadau. Mwisho wa mwezi nataka kununua kitu kimoja tu: oveni ndogo ya stima ya kuweka mezani, au sufuria ya presha. Nikitoka kazini sina nguvu za kusongea ugali huku na kukaangia mboga kule. Nataka chakula kinachoiva chote pamoja na kushibisha watu. Nichukue gani?

Karis_K: Dada, watu ni wangapi? Gesi au makaa? Una pesa ngapi? Umetunyima yote ya maana.

ShoshKiambu: Presha, wala usijiulize. Mahindi makavu na maharagwe kwa sufuria ya kawaida ni saa mbili hadi tatu za gesi. Loweka usiku kucha, weka presha, dakika 40 hivi yamelainika. Kaanga kitunguu, nyanya na dania, tia viazi na karoti, mimina githeri juu, funika. Ya kesho inalala kwa friji.

Baba_Teddy: Presha ina kazi yake, lakini watoto hawali githeri kila siku. Oveni inakupa viazi vya kupanga: chemsha viazi nusu, kata vyembamba, panga safu, nyama ya kusaga iliyokaangwa na hoho, viazi tena, kisha maziwa yaliyopigwa na mayai. Funika na foili, nyuzi 180 kwa dakika 40, halafu toa foili, weka jibini, acha ishike rangi. Wakati huo unaogesha watoto.

Achi_Pipeline: Ngojeni niwaambie yaliyonipata na oveni. Niliuziwa ya mtumba na duka moja mjini, muuzaji akaniapia kila kitu kinawaka. Jumapili wageni wako sebuleni, nimepanga viazi na nyama vizuri kabisa. Baada ya nusu saa jibini imekuwa nyeusi, moshi umejaa nyumba, na kisu kikiingia katikati kinagonga viazi vibichi. Kumbe koili ya chini ilikuwa imekufa, inawaka ya juu pekee. Wageni walikula mkate na chai. Niliporudi dukani niliambiwa vitu vya mtumba havirudishwi. Ukinunua oveni, iwashwe mbele yako, uweke mkono karibu na koili zote mbili.

Baba_Teddy: Pole sana. Lakini hiyo ni dhambi ya muuzaji, si ya oveni.

Karis_K: Na viazi je? Shangi huiva upesi na kuvunjika, ukichemsha kwanza unapata mukimo, yaani viazi vya kuponda. Kwa kupanga tafuta aina inayoshikilia umbo.

ShoshKiambu: Shangi ndiyo tamu! Usichemshe, kata tu vyembamba zaidi.

MamaPacha: Samahani wadau, niko kazini. Tuko sita, gesi ya kilo 6, stima ni ya tokeni. Nina elfu saba.

Karis_K: Sasa tunaongea. Oveni ya wati 1500 ikiwaka saa nzima mfululizo ni yuniti moja na nusu. Na kwa presha, maharagwe hayapaswi kupita nusu ya sufuria, kwa sababu yanatoa povu na maganda yanaziba vali. Watu sita, ya lita 5 itakubana. Tafuta ya lita 7.

Wanja_Roysambu: Hamjataja kikapu cha kupikia bila moto. Chemsha, funika, nenda zako, jioni kimeiva.

ShoshKiambu: Kwa nyama na mchele sawa. Maharagwe mekundu lazima yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili kwanza, yana sumu inayotapisha. Joto la kikapu pekee haliimalizi.

MamaPacha: Asanteni. Presha inanivuta, ila pacha wameshasikia habari ya jibini.

Achi_Pipeline: Mpira wa mfuniko wa presha ukilegea unapatikana wapi? Wangu unapumua pembeni.

Wanja_Roysambu: Jaribu soko la Kamukunji, Nairobi. Nenda na mfuniko wenyewe wakupimie.

Baba_Teddy: Na njahi, yale maharagwe meusi, kwa presha ni dakika ngapi?