Ramani za enzi ya Mjerumani: zirudi nyumbani, au picha za mtandaoni zinatutosha?

Mshambaa wa Mlalo
Wakuu, salaam. Kabla hamjaanza: siulizii ramani za hazina. Wenye rupia za Mjerumani zilizofukiwa chini ya mbuyu mtanisamehe, uzi wenu si huu.

Eneo la ukoo wetu huko Lushoto limepakana na msitu wa hifadhi. Wazee wanasema mpaka aliouweka Mjerumani ulipita juu ya kijito. Maofisa wa msitu wanasema ulipita chini yake, yaani kahawa yote ya marehemu babu imo msituni. Kijana mmoja akaniambia ramani za Mjerumani zimejaa kwenye maktaba za Ulaya, zimepigwa skani, unazisoma bure kwenye simu. Nimekesha nazo siku mbili. Kweli zipo, ile *Karte von Deutsch-Ostafrika* (Ramani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani) ya wachora ramani wao Sprigade na Moisel, kipimo 1:300 000, karatasi kwa karatasi. Lushoto yetu imeandikwa Wilhelmstal, Mwanza ni Muansa, Kilimanjaro ni Kilimandscharo. Milima imetiwa kivuli cha kahawia mpaka unahisi ukipitisha kidole utakwaruzwa.

Shida ni kwamba nikiivuta ione kijito, inavunjika vijichembe. Nikaiandikia maktaba moja ya huko wanipe picha kubwa. Nikajibiwa kwa heshima zote, na bei kwa euro.

Jamani. Mto wetu, mlima wetu, babu zetu ndio waliowabebea hao wapimaji mizigo kichwani, halafu mimi nilipie kuuona? Hoja yangu: ramani zirudi Tanzania au zibaki huko sisi tuendelee na skani?

Chuma cha Pua
Zirudi ziende wapi mkuu, kwa mende? Kule zipo kwenye chumba cha baridi na vipimo vya unyevu. Huku zitafungiwa maandazi. Nchi yenyewe hii Malkia Victoria alimpa mjukuu wake wa Ujerumani Kilimanjaro kama zawadi ya bethdei, mstari wa mpaka na Kenya ukapindishwa, na sisi hatuna hata karatasi ya kuonyesha. Lipa euro, mzee.

Mpimaji Mstaafu
Naomba niseme jambo la kiufundi. 1:300 000 maana yake sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita tatu ardhini. Mstari wa nusu milimita unafunika mita 150. Mdogo wangu, kahawa yote ya babu imo ndani ya unene wa wino. Hata wakikupa picha kubwa kama ukuta, ramani hiyo haijui kama mpaka ulipita juu ya kijito au chini.

La pili, hizo zilichapwa Berlin kwa mchapishaji Dietrich Reimer, nakala kwa nakala. Hakuna "asilia" moja iliyofungiwa kabatini tukaidai. Unachohitaji ni mchoro wa mpaka wa msitu wenyewe, wa vipimo vikubwa, uliochorwa kwa mkono, pamoja na faili lake. Huo ndio ukipotea umepotea. Tujadili huo.

Bi Masijala
> zirudi ziende wapi mkuu, kwa mende?

Nimesoma hapo nikaweka kikombe chini.

Nimefanya kazi ya nyaraka miaka ishirini na mbili. Chuma, umeshawahi kufungua ramani ya zamani iliyobandikwa kitambaa nyuma? Haifunguliwi kama gazeti. Unailaza, unasubiri ilegee, unaifungua shubiri moja, unaweka kifuko cha mchanga pembeni, unafungua tena. Ikilia "kra" umeshaharibu. Kazi hiyo tumeifanya bila glavu mpya, bila kiyoyozi, wakati mwingine bila mshahara wa mwezi huo. Mafaili ya Kijerumani yaliyopo Nyaraka za Taifa pale Dar yameingia kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO tangu 1997. Unafikiri waliorodhesha kinyesi cha mende?

Na huko kwenye chumba chako cha baridi, umemsikia Forbes Smiley? Mmarekani, muuza ramani, mtu wa koti na tai, wakutubi wanamchekea akiingia. Juni 2005, maktaba ya Beinecke, Chuo Kikuu cha Yale, wembe ukamdondoka sakafuni. Mkutubi akauona. Alikuja kukiri ramani 97. Mende wetu anakula pembe ya karatasi, wa kwao anaikata karatasi nzima kitabuni na kwenda kuiuza.

Chuma cha Pua
Dada yangu, povu la nini? Smiley alikamatwa kwa sababu wenzetu wana orodha. Huku ikiibwa nani atajua?

Bi Masijala
Mie si dada yako. Na hizo nyingi walizijua zimeibwa baada ya yeye mwenyewe kuwatajia. Orodha yako ilikuwa mdomoni mwa mwizi.

Otis wa Taveta
Wabongo bana, asanteni kwa kukiri hadharani kwamba mlima ulikuwa wetu na mkapewa kama keki. Sisi huku tunaamka nao dirishani kila asubuhi, nyinyi mnalipisha watalii. Tupange tarehe ya kuurudisha?

Mwalimu wa Zamu
Otis, usishangilie goli la kuotea. Hiyo hadithi ya bethdei nimeisahihisha kwenye madaftari mpaka nimechoka.

Mstari umetokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886. Unaanzia mdomo wa mto Umba, unakwenda ziwa Jipe, unaukumbatia Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha unanyooka hadi Ziwa Victoria pale latitudo 1 kusini. Mjukuu mnayemsema, Wilhelm wa Pili, alikalia kiti Juni 1888. Mwaka 1886 mfalme wa Ujerumani alikuwa babu yake mzaa baba. Sasa zawadi ilitolewa kwa Kaizari gani?

Chuma cha Pua
Kwani bethdei inahitaji cheo? 1886 alikuwa bado mjukuu au alikuwa hajazaliwa? Mimi jambo hilo nimefundishwa darasa la tano na mwalimu mwenye fimbo, wewe unaniletea tarehe.

Mwalimu wa Zamu
Fimbo siyo ushahidi.

Chuma cha Pua
Na wewe jina lako ni Mwalimu wa Zamu. Zamu ilishaisha, kengele imepigwa.

Shehe wa Darajani
Nnawasoma tu. Mmoja anasema wa Mwingereza, mmoja anasema wa Mjerumani, kama mlima ulikuwa hauna watu. Mwaka 1885 Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, alimtuma Mathews, Mwingereza mkuu wa jeshi lake, na askari mpaka Uchaga, wenyeji wakaikubali bendera ya Unguja. Mwaka uliofuata wakubwa wawili wa Ulaya wakakaa na rula yao, Sultani wakamwachia visiwa na ukanda wa maili kumi wa pwani. Maili kumi! Mtu kalala na shamba, kaamka na baraza.

Na habari ya ramani, hebu msianzie kwa Mjerumani. Mwanajiografia wa Kiarabu Al-Idrisi alishaichora pwani hii mwaka 1154 kule Sisili kwa mfalme Roger, na kusini kakuweka juu. Nakala zake zipo Paris na Oxford. Ukiitazama kwa macho ya leo unaona imepinduka. Mie nasema ya leo ndiyo iliyopinduka.

Kunguru wa Posta
Kila uzi lazima Usultani uingie kama maji ya mafuriko. Hao Wachaga waliikubali bendera kwa sababu waliona bunduki. Siku chache baadaye akapita Mjerumani na karatasi yake ya mkataba, nayo wakaitilia alama. Nasi tuwe wakweli.

Shehe wa Darajani
Basi na karatasi ya Mjerumani waliitilia alama kwa kuona maua? Jibu hapo.

Kunguru wa Posta
Sijasema hivyo. Unanilisha maneno.

Shehe wa Darajani
Nakulisha kwa kuwa naona una njaa.

Mjukuu wa Mpagazi
Mnabishania mstari ulikopinda, mimi kilichonikaa ni pale mleta uzi aliposema babu zetu walibeba mizigo. Ndugu, walibeba zaidi ya mizigo.

Katikati ya karne ya 19 wamisionari Erhardt na Rebmann walikuwa pwani, Rabai na Tanga. Huyu Rebmann ndiye aliyeuona Kilimanjaro 1848 akasema kileleni kuna theluji, na bwana mmoja wa London, Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akambishia miaka na miaka. Sasa Erhardt akawa anawahoji watu wa misafara: mkienda bara mnaishia wapi? Wa njia hii akasema ziwani. Wa njia ile, ziwani. Wa kusini, ziwani. Akaona kumbe ni ziwa moja! Akayaunganisha Nyasa, Tanganyika na Nyanza (Victoria) yakawa dude moja refu lililonona kama koa. Ramani ikachapishwa Gotha, Ujerumani, 1856, Wazungu wakacheka, halafu wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke wakatumwa kwenda kuhakikisha.

Tazameni. Waliosimulia wote walisema kweli. Aliyekosea ni mwenye kalamu. Lakini chini ya ramani yameandikwa majina ya nani? Mimi ikirudi au isirudi, nataka mtu aandike kwenye katalogi: habari hizi zilitoka kwa wapagazi na wafanyabiashara wa pwani.

Otis wa Taveta
Hii ya koa imenimaliza. Lakini wazee, mambo ya kurudishiwa sisi Wakenya tunayajua. Uingereza ilipokuwa inafunga virago 1963 ilipakia mafaili ndegeni. Ikanyamaza. Wazee wa Mau Mau wakaenda kortini London, ndipo 2011 ikakiri ina mafaili kama elfu nane na kitu ya makoloni 37 yamekaa Hanslope Park, jumba la serikali yao huko huko Uingereza. Karibu miaka hamsini! Kwa hivyo anayesema "zibaki huko ziko salama", salama kwa nani? Faili likiwa salama mahali usipoweza kulifikia, hilo limefungwa jela.

Chuma cha Pua
Ndiyo maana nasema skani. Ikishapigwa skani imemalizika, hakuna jela.

Bi Masijala
Oktoba 2023 wadukuzi waliingia Maktaba ya Uingereza, katalogi ya mtandaoni ikazimika hadi Januari. Karatasi zilikuwa palepale rafuni, ila nani wa kukwambia iko rafu ipi. Skani nayo inataka mlinzi, baba.

Chuma cha Pua
Umeniita baba. Tunaelewana taratibu.

Mwalimu wa Zamu
Hakuna aliyejibu swali langu la Kaizari.

Mshambaa wa Mlalo
Wakuu, nilitoka kwenda msibani, narudi nakuta kurasa nne za Kilimanjaro. Mimi natoka Usambara! Milima ni tofauti!

Mpimaji, uliniudhi kidogo na ile ya "imo ndani ya unene wa wino". Nimelala nayo. Jana nikachukua rula ya mtoto nikapima kwenye skani. Kutoka misheni hadi pale kijito kinapostahili kuwa ni kama milimita moja na kidogo. Kwa miguu ni zaidi ya robo saa. Nimeelewa. Na niseme ukweli, kijito chenyewe hakimo. Wamechora kile kikubwa tu kinachokipokea.

Sasa huo mchoro wa msitu wa vipimo vikubwa unapatikana wapi? Ulaya tena?

Mpimaji Mstaafu
Swali hili ndilo nililingoja tangu ukurasa wa kwanza. Anza nyumbani. Mafaili ya Kijerumani mengi yalibaki huku huku, Mwingereza alipoingia akayatumia na kuendeleza mipaka ya misitu juu yake. Kwa hiyo tafuta mawili: faili la Mjerumani la eneo lako, na tangazo la hifadhi la enzi ya Mwingereza lenye mchoro wake. Ukiyalinganisha utaona kama mpaka ulisogezwa katikati. Mara nyingi ugomvi wa juu na chini ya kijito unazaliwa hapo, wala si Berlin.

Na ukienda uwandani tafuta vigingi. Rundo la mawe lenye umbo lisilo la bahati mbaya. Wazee wanajua yalipo, ila wanaogopa kuyaonyesha.

Mshambaa wa Mlalo
Yapo! Kuna rundo moja mama alitukataza kulikalia tukiwa watoto, akisema ni la wafu. Lipo juu ya kijito.

Kunguru wa Posta
Umeshinda kesi, funga uzi.

Mpimaji Mstaafu
Hajashinda. Linaweza kuwa la wafu kweli.

Bi Masijala
Mshambaa, mafaili ya Mjerumani yana namba zinazoanza na herufi G. Ukifika uliza orodha kwanza, usiombe "ramani ya Lushoto", utaletewa kila kitu au usiletewe chochote. Omba kwa jina la zamani, Wilhelmstal. Nenda na barua ya utambulisho, na nenda na penseli. Kalamu ya wino utaiacha mlangoni. Mwandiko ni wa Kijerumani cha kale, hata wanaokijua Kijerumani wanaukodolea macho, kwa hiyo usikate tamaa ukurasa wa kwanza.

Mshambaa wa Mlalo
Nashukuru sana mama. Jumatatu nashuka na basi la alfajiri.

Shehe wa Darajani
Ukipata huko la mwaka 1885 unistue.

Digadiga Senior
Habari za humu. Nimesoma kichwa cha uzi tu. Nina mteja anatafuta ramani ya Mjerumani ya kanda ya Usambara, iwe na alama ya msalaba mwekundu na mwembe. Kuna masanduku mawili. Mwenye nayo aje inboksi, malipo baada ya kuchimba.

Bi Masijala
Msalaba ni misheni, mwanangu. Ukichimba utamkuta padri.