Mnaouza MGB "bodi imeshafanyiwa kazi" huku chini ni puti na wavu wa kuku, mnajua kabisa mnachofanya

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, vumbi la grainda bado liko kwenye nywele, mnivumilie kama nitarukaruka.

Niko Leicester, Uingereza, miaka kumi na nne sasa. Mwaka jana mwezi wa tisa nilinunua MGB ya 1972, gari ndogo ya michezo ya Kiingereza, ile ya wazi, bampa za kromu, rangi ya kijani, pauni 7,800 za shifti za usiku. Hii gari nimeitamani tangu utotoni Moshi, marehemu mjomba alikuwa fundi wa Land Rover na spana zake za inchi, 7/16, 1/2, 9/16, ndizo ninazotumia mpaka leo, nimekuja nazo kwenye begi. Kwa hiyo mtu asije kuniambia eti sijui magari ya Kiingereza, nimekua nayo.

Jamaa aliyeniuzia akasema kwa mdomo wake na akaandika kwenye tangazo: bodi imefanyiwa kazi yote, mihimili ya chini ya milango mipya pande zote mbili, wewe ni kuendesha tu. Rangi inang'aa unajiona. Nikamuuliza cheti cha ukaguzi akasema magari haya hayahitaji. Na hapo hakudanganya, tangu Mei 2018 gari iliyofikisha miaka 40 huku hailazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka ili mradi haijabadilishwa sana, na hapo ndipo hawa watu walipopata uchochoro wao, maana hakuna mkaguzi atakayeingia chini na tochi na kugonga na nyundo.

Januari nikasema ngoja nipige grisi kule mbele, zile kingpini za MGB, vyuma ambavyo magurudumu ya mbele yanageukia, zisipopata grisi zinaisha haraka. Nikaweka jeki chini ya krosimemba ya mbele, ile boriti ya kukingama inayoshika magurudumu, nikainua. Nikataka kuchukua kitambaa ndani, mlango wa kushoto ukagoma kufunguka. Nikavuta, wapi. Nikaangalia pengo la mlango kwa juu upande wa kitasa, limebana mpaka chuma kinagusa chuma na rangi inaanza kuchubuka. Nikashusha jeki, mlango ukafunguka kama kawaida. Nikainua tena, ukabana. Wakuu, nilikaa chini sakafuni pale pale.

Kwa wasioijua, MGB haina chesisi ya peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo chesisi. Na hii ya wazi haina hata paa la kusaidia, kwa hiyo kinachoshika mbele na nyuma zisikunjike katikati ni ile mihimili miwili ya chini ya milango pamoja na handaki la katikati inamopita shafti ya propela. Mhimili wenyewe si bati moja, kuna bati la nje, kuna bati la kati linalosimama ndani yake, kuna la ndani, na reli chini yake. Ukiona mlango unabana ukiinua gari maana yake mhimili haupo. Upo kwa macho tu.

Nikachukua sumaku, upande wa kushoto ikaanguka yenyewe. Nikasukuma bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini. Nikawasha grainda nikakata dirisha la kama kiganja, na nilichokikuta nimekipiga picha kila hatua: juu rangi, chini yake puti, ile plasta ya kuzibia bodi, nene nusu inchi sehemu nyingine, chini ya puti wavu wa banda la kuku, ule ule wa matundu ya pembe sita, na nyuma ya wavu povu la kupuliza, lile la kuzibia madirisha, limeloa maji kama sponji. Bati la kati halipo. Limebaki ukingo wa kahawia unaovunjika kwa kidole kama biskuti iliyolowa chai.

Upande wa kulia kidogo afadhali, kuna bati jipya kweli, ila limechomelewa juu ya lile bovu na limeishia kwenye kingo za madigadi ya mbele na nyuma. Yeyote aliyewahi kuigusa MGB anajua mhimili wa kweli unapita chini ya madigadi ya mbele na chini ya ile ya nyuma, ili uubadilishe lazima ukate sehemu ya chini ya madigadi zote mbili, na kabla hujakata unachomelea bomba kwenye uwazi wa mlango bodi isikunjike. Ni kazi ya wiki kadhaa. Huyu alifanya kazi ya mchana mmoja akaiita matengenezo. Tena kutu ikifungiwa ndani namna hiyo na tope la nyuma ya gurudumu la mbele halina pa kutokea, inakula haraka kuliko ingeachwa wazi.

Halafu umeme! Waya za gari hizi zina lugha yake, kahawia ni moto wa moja kwa moja toka betri, nyeupe inapitia swichi, kijani imepita fyuzi, nyeusi ni ethi, inayorudi kwenye bodi, haibebi moto. Nusu karne mafundi wanasomana kwa rangi hizo. Mimi nimekuta waya mweusi umeungwa kwenye wa kahawia kwa kusokotwa na vidole na solotepu, unakwenda kwenye redio. Mweusi, unabeba moto! Na ule wa kahawia hauna fyuzi yoyote njiani, ukigusa bodi unaungua wote mpaka nyuma ya dashibodi. Na fyuzi moja kwenye boksi imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Kinachoniuma ni kwamba gari yenyewe haina kosa. Injini ya 1798 cc, kabureta mbili za SU, nimeweka pengo la valvu 0.015 inchi, plagi mpya, inawaka mguso wa kwanza hata asubuhi ya barafu. Na spea zipo! Zilitengenezwa zaidi ya nusu milioni pale kiwandani Abingdon kati ya 1962 na 1980, mihimili mipya inauzwa, sakafu inauzwa, hata bodi nzima mpya zinatolewa tena tangu 1988. Kwa hiyo hakuna wa kuniambia alikosa bati. Wavu wa kuku mtu ameuchagua.

Nimempigia. Akasema "ulinunua kama ilivyo". Hapana bwana. Kama ilivyo ni pale unaponyamaza. Wewe uliandika mihimili mipya, tangazo ninalo, meseji ninazo. Mara ya pili hakupokea.

Na niseme hili ndipo ninyamaze. Usukani huku uko kulia, abiria anakaa kushoto. Septemba ile ile nilimpakia binti yangu wa miaka kumi na moja tukashuka barabara kuu ya M69 mpaka Coventry, paa limefunguliwa, maili 70 kwa saa, anacheka nywele zinapepea. Alikaa upande wa wavu wa kuku. Lori moja tu lingetugusa ubavuni. Nimeliwaza hilo kila usiku tangu Januari na siwezi kulisamehe.

Gari sasa iko juu ya stendi, mabomba nimeshachomelea kwenye milango, mihimili kamili ya kushoto imefika jana. Ila nataka kwenda mahakama ya madai madogo, kiwango chao kinafika pauni 10,000 kwa hiyo natosha. Mliowahi kumshtaki muuzaji binafsi, sio shoruumu, mlitumia ushahidi gani? Picha na tangazo vinatosha au nitafute fundi aandike ripoti kabla sijakata vilivyobaki? Nimesimamisha grainda nasubiri majibu yenu.